Rumanyika: Mfalme wa Karagwe aliyefanya kazi ya ruta karne moja kabla ya intaneti

MTALII anayepanga safari ya mkoani Kagera siku hizi hukutana na jina la Rumanyika kwenye orodha ya hifadhi za taifa. Hifadhi ya Rumanyika-Karagwe ilipandishwa hadhi mwaka 2019 pamoja na jirani yake, Ibanda-Kyerwa, na tangu hapo jina hilo limezoeleka kwa misitu na wanyama kuliko kwa mtu aliyelibeba. Mtu mwenyewe ni Omukama Rumanyika wa Kwanza, aitwaye Orugundu, aliyeitawala Karagwe kuanzia miaka ya 1850. Habari zake zilisomwa London mwaka 1863, wakati ambapo mji wa Bukoba ulikuwa bado haujaanzishwa.

Sifa alizopewa na wageni wa zama zile zilikuwa nzuri. Walimweleza kuwa mtu mpole, mwenye kusikiliza na mkarimu kuliko watawala wengi waliokutana nao njiani. Hata hivyo, vitabu vyao vilitumia kurasa nyingi kuwaeleza wanawake wa jamaa ya mfalme, waliolishwa maziwa hadi wakanenepa wasiweze kusimama vyema. Habari hiyo iliwafurahisha wasomaji wa Ulaya, na kwa bahati mbaya ikaifunika kazi kubwa aliyoifanya mtawala huyu kwa zaidi ya miaka 20.

Kazi hiyo ilikuwa ni kupokea misafara, barua, bidhaa na habari kutoka katika mtandao mmoja wa njia, na kuziingiza katika mtandao mwingine ambao mwenye mzigo hakuujua wala hakujulikana humo. Leo kazi ya namna hiyo hufanywa na kifaa chenye taa zinazomeremeta kinachowekwa kwenye kona ya ofisi au juu ya kabati la sebuleni, nacho huitwa ruta. Watu wa mijini huikumbuka ruta pale tu intaneti inapokatika. Maisha ya Rumanyika yanaonyesha vizuri kazi ya kifaa hicho ilivyo, na pia yanaonyesha ugumu wa kuwa mahali ambapo kila mtu anapita.

Kiti cha enzi kilichopitia Tabora

Rumanyika alikuwa mtoto wa Omukama Ndagara, wa ukoo wa Wahinda, ambao ulitawala Wanyambo wa Karagwe kwa vizazi vingi na kujihesabu kuwa uzao wa Ruhinda. Ndagara alipofariki, watoto wake waligombea kiti. Aliyekuwa mpinzani mkubwa wa Rumanyika alikuwa ndugu yake Rogero.

Rumanyika mwenyewe aliwasimulia wageni wake kisa cha ngoma. Iliwekwa mbele ya ndugu hao ngoma ndogo, nyepesi kwa kuitazama, lakini iliyotiwa dawa ili isiweze kunyanyuliwa na asiye mrithi halali. Wenzake walishindwa. Yeye akainyanyua kwa kidole kidogo. Kisa hicho kilitosha kuhalalisha utawala mbele ya watu wake, lakini hakikutosha kumwondoa Rogero, ambaye alikusanya wafuasi na kumzingira.

Wokovu ulikuja kutoka kusini. Tabora, au Kaze kama ilivyoitwa na wafanyabiashara, alikuwako Mhindi mmoja aliyejulikana kwa jina la Musa Mzuri, miongoni mwa wafanyabiashara wakongwe wa bara. Musa alikuwa na pembe za ndovu na alikuwa na haja ya kuona njia ya Karagwe inabaki wazi. Kwa mujibu wa maandishi ya wasafiri wa zama hizo, alimpelekea pembe Kabaka Suna wa Buganda ili atume jeshi, na jeshi hilo likamnusuru Rumanyika. Kabaka Suna alifariki mwaka 1856, kwa hiyo mambo haya yalitokea kabla ya hapo.

Yafaa msomaji alitazame tukio hili kwa makini. Mali ilitoka Tabora, ikavuka Karagwe yenyewe, ikafika Buganda, na Buganda ikarudisha askari Karagwe. Rumanyika alikalia kiti chake kwa sababu mitandao miwili ya nje, ule wa wafanyabiashara wa Unyanyembe na ule wa ufalme wa Buganda, yote ilihitaji mahali pa kukutania. Deni hilo hakulisahau. Kila aliyefika Bweranyange akiwa na jina la Musa mdomoni alipokewa kama ndugu.

Mahali ambapo njia zilifungana

Bweranyange, makao makuu ya wafalme wa Karagwe, iko katika nyanda za juu za wilaya ya Karagwe ya leo. Upande wa magharibi na kaskazini Mto Kagera unazunguka nchi na kuitenga na Rwanda na Uganda. Wilaya ya Kyerwa, iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, ndiyo inayoukalia upindo huo wa mto.

Ramani hiyo ndiyo iliyompa Rumanyika kazi. Kutoka kusini ilikuja njia ya Pwani, ambayo ilianza Bagamoyo, ikafika Tabora, ikapita Usui katika sehemu za Biharamulo na Ngara za leo, kisha ikaingia Karagwe. Hapo ndipo ulipokuwa mwisho wa nguvu za wapagazi wa Kinyamwezi na wa Kiswahili cha msafara. Mbele yake zilikuwako dola zenye taratibu zake: Buganda kaskazini-mashariki, Bunyoro mbali zaidi kaskazini, Nkore ng'ambo ya mto, na Rwanda magharibi. Kila moja ilikuwa na lugha yake, adabu zake za kumwendea mfalme, na vitu vyake ilivyovithamini.

Mainjinia waliounganisha mitandao ya kompyuta walikutana na tatizo lile lile. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilikuwako mitandao kadhaa isiyoelewana: mmoja ulitumia nyaya za simu, mwingine mawimbi ya redio, mwingine setilaiti. Mwaka 1974 Vint Cerf na Bob Kahn walichapisha pendekezo kwamba mitandao hiyo isilazimishwe kufanana. Kila mmoja ubaki na taratibu zake za ndani, na katikati yao viwekwe vifaa vinavyoelewa pande zote mbili. Vifaa hivyo waliviita malango. Mwezi Novemba 1977 mitandao mitatu ya aina hiyo iliunganishwa katika jaribio moja, na mwezi Septemba 1981 zikachapishwa kanuni ambazo hadi leo zinaendesha sehemu kubwa ya intaneti. Malango yale ndiyo yanayoitwa ruta sasa.

Ujumbe unaotumwa kwa kompyuta au simu hukatwa vipande vinavyoitwa pakiti. Kila pakiti huandikwa usoni anwani ya inakotoka na anwani ya inakokwenda. Ruta inapoipokea huisoma anwani ya mwisho, kisha hutazama katika jedwali lake la njia. Jedwali hilo halina anwani ya kila kompyuta duniani, kwani hakuna kifaa kingeweza kuzibeba zote. Lina mafungu ya anwani tu, na kando ya kila fungu limeandikwa jina la jirani wa kupelekewa. Pakiti ikilingana na mafungu mawili, ruta hufuata lile linalotaja mahali kwa ufinyu zaidi. Isipolingana na lolote, hupelekwa kwa jirani aliyewekwa kwa ajili ya yote yasiyojulikana. Baada ya hapo ruta haifuatilii tena. Haijui safari nzima. Inajua hatua inayofuata.

Ndivyo Rumanyika alivyoijua dunia. Alijua kwamba mgeni wa Mutesa lazima avuke Kitangule, jina ambalo wasafiri waliuita mto Kagera wa chini, na alijua ni mtu gani wa kumkabidhi ng'ambo. Alijua kwamba habari za Bunyoro hupatikana kwa watu wa Kamrasi. Kuhusu milima mirefu ya Mfumbiro, iliyo upande wa Rwanda, na kuhusu maziwa na mito ya magharibi, alikuwa na habari alizozipata kwa majirani, na habari hizo zilimsaidia John Hanning Speke kuchora ramani ya nchi ambazo hakuziona kwa macho.

Karibu na Bweranyange palikuwako Kafuro, kituo cha wafanyabiashara Waarabu na Waswahili. Hapo pembe za ndovu zilikutana na nguo, shanga na nyaya za shaba, na hapo mtu wa Tabora aliweza kufanya biashara na mtu wa kaskazini bila yeyote kati yao kumaliza njia ya mwenzake. Watumwa nao walipita, na hakuna namna ya kuieleza Kafuro kwa haki bila kulitaja hilo. Mitandao ya kompyuta ina vituo vya namna hiyo, ambamo kampuni za intaneti hubadilishana pakiti za wateja wao. Dar es Salaam ilipata cha kwake katika miaka ya 2000. Kabla yake, barua pepe kati ya ofisi mbili za jijini zilizohudumiwa na kampuni tofauti iliweza kupanda setilaiti hadi Ulaya au Marekani na kurudi, wakati ofisi zenyewe ziko mtaa mmoja.

Safari ya Speke na Grant

Mwezi Novemba 1861 Waingereza wawili, Speke na mwenzake James Augustus Grant, waliingia Karagwe wakitafuta chanzo cha Mto Nile. Walikuwa wamechoka, na mizigo yao ilikuwa imepungua sana. Kila mtawala wa njiani alikuwa amedai hongo ya nguo na waya, na Suwarora wa Usui, wa mwisho kabla ya Karagwe, aliwakamua kwa majuma kadhaa.

Katika kanuni za intaneti kuna jambo linalofanana na hongo hiyo. Kila pakiti huanza safari ikiwa na namba ya uhai, ambayo haiwezi kuzidi 255. Kila ruta inayoipitisha hupunguza moja. Namba ikifika sifuri, pakiti hutupwa na taarifa fupi hurudishwa kwa aliyeituma. Hatua hiyo ilibuniwa ili pakiti iliyopotea isizunguke milele kati ya ruta mbili zinazorushiana, ikijaza njia. Msafara wa karne ya 19 nao ulikuwa na kiasi chake cha vituo. Nguo zikiisha kabla ya kufika, safari ilikufa, na aliyebaki hai alirudi kueleza.

Rumanyika alivunja desturi hiyo. Mpakani wageni walipokewa na mtumishi wa mfalme, nao wakaambiwa kwamba Karagwe haiwatozi wageni kodi na kwamba vijiji vya njiani vingewalisha kwa gharama ya mfalme. Zawadi walitoa, kwani huwezi kumwendea mfalme mikono mitupu, na Rumanyika alizipokea kwa furaha, bunduki ikiwamo. Tofauti ni kwamba hakuna aliyewazuia njiani kusubiri nguo zaidi. Waswahili husema njia ya mwongo ni fupi. Rumanyika alikuwa anajenga njia ndefu, na alielewa kwamba mfanyabiashara aliyepita kwa amani atarudi na kuwaleta wengine. Ukarimu wake ulikuwa wa moyo, lakini ulikuwa pia wa hesabu.

Alikuwa na haja zake. Rogero alikuwa bado hai na bado anatisha, na mfalme alitaka wageni wenye silaha wamsaidie kummaliza ndugu yake, kwa bunduki au kwa dawa. Speke alikwepa. Ombi hilo laonyesha mahali ambapo mfano wa ruta unaishia. Ruta haina ndugu wa kugombana naye wala haimtazami mpita njia kwa kuhesabu atamfaa kwa nini. Rumanyika aliwapitisha watu huku kiti chake mwenyewe kikitikisika, na kila mgeni aliyemruhusu kwenda Buganda alikuwa pia silaha inayoweza kuangukia mikononi mwa jirani mwenye nguvu kuliko yeye.

Kwa sababu hiyo hakuwaachia waende siku iliyofuata. Alituma kwanza ujumbe kwa Mutesa, aliyekuwa Kabaka baada ya Suna, kumjulisha kwamba wako wageni weupe wanaotaka kumwona. Wakasubiri Bweranyange, wakiwinda vifaru na kulitazama ziwa dogo lililo karibu, ambalo wageni waliliita Windermere Ndogo kwa kukumbuka ziwa la kwao. Mwezi Januari 1862 alifika Maula, mjumbe wa Mutesa, akiwa na watu wake na amri ya kuwachukua.

Mipaka ya mitandao mikubwa ya leo huendeshwa hivyo hivyo. Ndani ya mtandao wake, kampuni hupanga njia ipendavyo. Mpakani, ruta za mitandao miwili hutangaziana ni anwani zipi kila upande unaweza kuzifikisha, na mwenye mtandao huamua atapokea nini na kutoka kwa nani, kwa kutazama mikataba yake na faida yake, si ufupi wa njia peke yake. Pasipo tangazo, hakuna njia, hata kama waya umekwisha vutwa.

Msafara ulipoingia mikononi mwa Maula, kila kitu cha nje kilibadilika. Mlinzi alikuwa mwingine, lugha ya njiani ilikuwa nyingine, hata namna ya kupata chakula ilikuwa nyingine, kwa kuwa wageni wa Kabaka walilishwa kwa amri ya Kabaka. Aliyebaki yule yule alikuwa msafiri na shabaha yake. Ruta hufanya jambo hilo mara mamilioni kwa siku. Huvua bahasha ya nje ambayo pakiti ilivaa katika mtandao wa kwanza, huisoma anwani ya ndani, kisha huivika bahasha mpya inayofahamika katika mtandao wa pili. Anwani ya mwanzo na ya mwisho hubaki zilivyo, lakini bahasha ya nje hubadilishwa kila hatua.

Grant hakwenda. Mguu wake ulikuwa na kidonda kibaya kisichomruhusu kutembea, na kwa maelezo ya Speke, Waganda hawakuwa tayari kumchukua mgonjwa. Akabaki Karagwe. Waganga wa mfalme walijaribu dawa zao, mfalme alimtembelea na kumtumia chakula, na ni mwezi Aprili tu ndipo alipoweza kuondoka. Pakiti nayo hukaa hivyo kwenye foleni ya ruta wakati njia ya mbele haijawa tayari, ila foleni ya ruta ni fupi, na ikijaa, zinazofuata hutupwa. Rumanyika alimhifadhi mgeni wake kwa miezi mitatu.

Kuna ujumbe mwingine uliotoka Karagwe mwezi huo wa Januari, na huo haukuwa na bahati. Habari zilikuwa zimefika kwamba wazungu wengine wanakuja Bunyoro kutoka kaskazini. Speke akadhani ni John Petherick, ambaye alitakiwa kumpelekea vyombo na vyakula kwa njia ya Mto Nile. Kwa msaada wa Rumanyika, Baraka na Uledi, watu wawili wa msafara wa Speke, walitumwa na barua kupitia nchi ya Kamrasi. Mfalme wa Karagwe aliweza kuwafikisha kwa jirani, lakini hakuweza kumwamuru jirani awafikishe mbele. Petherick hakutokea Bunyoro. Speke alipofika Gondokoro mwezi Februari 1863, aliyempokea alikuwa Samuel Baker.

Ruta nazo haziahidi. Kanuni ya msingi ya intaneti ni kwamba kila ruta itajitahidi, basi. Kuhakikisha kwamba pakiti zote zimefika, na kutuma upya zilizopotea, ni kazi ya kompyuta mbili zilizo mwanzo na mwisho wa safari. Uamuzi huo wa kuzipunguzia ruta mzigo ndio uliowezesha mtandao kukua hadi kuenea dunia nzima.

Kitu kimoja kilitoka Bweranyange kikiwa kimeharibika. Speke alipoona tofauti za maumbo kati ya watawala wafugaji na wakulima, alijengea nadharia kwamba watawala wa nchi za maziwa walitokana na Wahabeshi walioshinda watu wa asili, naye akamweleza Rumanyika mwenyewe kuhusu asili hiyo ya mbali. Hakuwa na ushahidi. Wazo hilo lilisafiri katika kitabu chake hadi Ulaya, likarudi na wakoloni likiwa limevaa joho la elimu, na madhara yake yakaonekana Rwanda na Burundi katika karne ya 20. Ruta nzuri haibadili yaliyomo ndani ya pakiti. Msafiri naye alipaswa kubeba kama alivyopokea.

Mlango uliofungwa, na mto wa Kyerwa

Jirani mmoja hakutangaza njia. Rwanda haikuwakaribisha wafanyabiashara wa Pwani, na waliojaribu kuingia walishindwa. Mwaka 1876 Henry Morton Stanley alipofika Kafuro, alimkuta mfanyabiashara Mwarabu aitwaye Hamed Ibrahim, mtu mwenye nyumba na mashamba aliyekuwa ameishi huko kwa miaka mingi, naye akamweleza jinsi nchi hiyo ilivyokuwa ngumu kwa wageni. Bidhaa zilivuka kwa mikono ya watu wa Karagwe na majirani zao, si kwa misafara. Kwa Rumanyika hali hiyo ilikuwa na faida, maana aliyefungiwa mlango na Rwanda alilazimika kubaki sokoni kwake.

Rumanyika wa mwaka 1876 alikuwa mzee. Alimpokea Stanley kwa upole ule ule, akamwonyesha hazina yake ya vitu vya chuma na shaba, ikiwamo sanamu za ng'ombe zilizofuliwa na wahunzi wa Karagwe, akampa watu wa kumtembeza. Stanley aliuchunguza Mto Kagera na maziwa yake, na akafika kwenye chemchemi za maji ya moto za Mtagata, zilizoko Kyerwa, ambako wagonjwa walikuwa wakienda kuoga tangu enzi hizo. Kisha akarudi kusini. Alikuwa na nia ya kwenda mbele upande wa magharibi, lakini njia haikupatikana.

Njia ya majini

Mwaka mmoja kabla ya ziara hiyo, Stanley huyo huyo alikuwa amefanya jambo lililoiumiza Karagwe, ingawa yeye hakulikusudia na huenda Rumanyika hakulitambua mara moja. Mwezi Machi 1875 alishusha mashua yake katika Ziwa Victoria kutoka Kageyi, upande wa Mwanza, akaenda kwa Mutesa kwa maji. Wafanyabiashara nao walikuwa wameanza kutumia mitumbwi kuvuka ziwa. Wamisionari wa kwanza wa Kianglikana waliofika Buganda mwezi Juni 1877 walikuja kwa mashua, na Wakatoliki waliowafuata mwaka 1879 walikuja pia kwa njia ya ziwa. Hakuna hata mmoja kati yao aliyehitaji kulala Bweranyange.

Hapakuwa na vita wala tangazo. Mitandao miwili ilipata mahali pengine pa kukutania, pafupi zaidi, pasipo milima na pasipo Usui ya kukamua nguo. Ruta zinapoarifiana kwamba imepatikana njia bora, hufuta ile ya zamani katika majedwali yao kwa muda mfupi, na lango lililokuwa likipitisha kila kitu hubaki likiwa na taa zinazowaka huku hakuna kinachoingia. Karagwe haikubaki tupu kwa siku moja, kwa kuwa pembe zake bado zilitafutwa na Kafuro ilikuwa bado ina watu. Lakini Buganda, ambayo ndiyo iliyomwokoa Rumanyika katika ujana wake, sasa ilikuwa na Pwani bila kupitia kwake, na haikuwa na sababu kubwa ya kumlinda.

Rumanyika alifariki kabla ya katikati ya miaka ya 1880. Yaliyofuata ni yale aliyoyaogopa tangu enzi za Rogero: watoto na ndugu waligombea kiti, watawala wakapokezana kwa haraka, damu ikamwagika ndani ya nyumba moja, na Buganda ikaingiza mkono. Stanley alipopita tena mwaka 1889, safari hii akiwa na Emin Pasha, alimkuta mtawala kijana, mmoja wa uzao wa Rumanyika, aliyebeba jina la Ndagara. Mwaka uliofuata Ujerumani na Uingereza zilitiliana saini mkataba wa kugawana nchi hizo, na ulipoanzishwa mji wa Bukoba ufukweni mwa ziwa, makao ya serikali yalikwenda huko, kwenye maji. Ugonjwa wa sotoka wa miaka ya 1890 uliangamiza ng'ombe, ambao ndio waliokuwa utajiri wa nyumba ya Wahinda. Mwaka 1963 Serikali ya Tanganyika ilifuta utawala wa machifu nchini kote, na historia ya wafalme wa Karagwe ikahamia katika simulizi za wazee na katika mabaki ya makao yao huko Bweranyange.

Njia ya bara, kwa upande wake, haikufa kabisa. Magari ya kahawa, ndizi na maharage huvuka Kagera katika daraja la Murongo, wilayani Kyerwa, kwenda Kikagati upande wa Uganda. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ulioanza kujengwa mwishoni mwa miaka ya 2000, ulipangwa kufika mipaka ya Mutukula na Rusumo, yaani kaskazini kuelekea Uganda na magharibi kuelekea Rwanda, nchi iliyokuwa imefunga mlango wake wakati wa Hamed Ibrahim. Simu ya mfanyabiashara aliyeketi Kayanga hutuma pakiti zake kwenye mnara ulio karibu, na mnara huzikabidhi kwa jirani anayefuata.